Fulana ya infraredi? Mawe ya Biliqo yanakupa bure

Wiki iliyopita nilipata ofa. Nivae fulana nyeusi, nipige video mbili, niseme inasaidia misuli kupona baada ya mbio, nilipwe. Doo ilikuwa poa, siwezi danganya. Nilikataa, na wacha niwaambie kwa nini.

Hizi nguo wanaziita za infraredi ya mbali. Kitambaa kimechanganywa na unga wa madini. Wanaouza wanasema unga huo unachukua joto la mwili wako, unakurudishia kama miale usiyoiona, damu inatembea vizuri, misuli inapona haraka. Si kitu cha juzi. Mwaka 2017 Under Armour walitoa hadi nguo za kulalia za aina hii wakiwa na Tom Brady, yule staa wa futiboli ya Marekani.

Sasa skiza. Kila kitu chenye joto hutoa hiyo miale. Wewe, ng'ombe, sufuria ya chai. Hata fulana ya pamba ya mitumba inachukua joto lako na kukurudishia kiasi. Kwa hivyo usiulize kama miale ipo. Uliza kama huo unga unaongeza kitu utakachokiona kwenye saa yako ya mbio. Utafiti upo, lakini mwingi ni wa watu wachache na majibu yanagongana. Kwa majibu kama hayo, mtu hauzi mbuzi.

Nasema mbuzi kwa sababu ya binamu yangu. Yuko Biliqo, ana miaka 16, anakimbia alfajiri kabla jua halijawaka. Aliona tangazo kama hilo akanipigia: "Kaka, nikiuza mbuzi wawili itatosha?"

Nilinyamaza kwanza. Biliqo! Mahali ukikalia jiwe saa mbili usiku bado lina moto wa mchana. Hilo jiwe linakupiga infraredi ya mbali bila malipo. Mkimbiaji wa huko hajakosa joto. Shida yake ni kulitoa mwilini, na hiyo inataka maji, kivuli na nguo nyepesi.

Sipingi teknolojia. Viatu vya soli nene vyenye bamba la kaboni vilibadilisha mbio kila mtu akiona, hadi mwaka 2020 World Athletics ikasema soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40. Kitu kikifanya kazi kweli, wenye mchezo hukikimbilia na rula. Hizi fulana sijaona mtu akizipima.

Utaniambia, "Lakini mimi nikivaa naskia poa." Sawa, kama pesa ni yako na unayo, vaa. Ila mimi nikisema kwa video kwamba inaponya misuli, anayeniamini zaidi ni yule kijana mwenye mbuzi wawili. Wewe utapoteza fulana. Yeye atapoteza maziwa.

Nilimwambia aache mbuzi wake, anywe hayo maziwa, na usiku alale badala ya kukesha TikTok. Viatu nitamtafutia mimi, maana saa hii anakimbia na akala. Kwa hivyo kama uko na raba za mbio namba 41 zimelala tu chini ya kitanda, niandikie.