Folda ya "FPS Boost" haipangusi vumbi

Wasee, nitasema hii kitu mara moja, na wengine wa hapa Thika wakitaka wanitoe kwa grupu: ile folda ya "FPS Boost" mnauziana soo tano haiongezi kitu. Ukiifungua ni faili tatu nne za bati, moja ya rejistri, na maandishi ya kijani yanakimbia kwa skrini nyeusi ndio uone kuna kazi inafanyika. Halafu unaambiwa uzime mashine uwashe. Ukirudi kwa gemu unaona imekuwa laini. Ni kweli imekuwa laini, kwa sababu ilikuwa imewaka siku sita mfululizo na Chrome ina tabo arobaini.

Mimi niliacha uni mwaka wa pili, karo ilikataa, kwa hivyo sina cheti cha kuwaonyesha. Lakini nimefungua mashine nyingi za watu, kuanzia Makongeni mpaka Kimbo kule Ruiru, nikirekodi video, na karibu zote ni ukoo mmoja. Ni ex-UK. Laptopu imefanya kazi ya ofisi huko ng'ambo miaka yake, ikapakiwa kwa kontena, ikauzwa hapa, na sasa kijana wa Section 9 anataka icheze GTA V. Chukua HP EliteBook 840 G3 yenye Core i5-6300U, ile ya kijivu mnaijua. Hiyo prosesa ina kore mbili tu, imetengenezwa itumie wati 15, na picha za gemu zinachorwa na Intel HD 520 iliyo humo humo ndani. Haina RAM yake, inakopa ya mashine. Hapo ndipo stori yote iko, na hakuna folda inaigusa.

Wacha niwaambie kilicho ndani ya hizo folda. Kuna ile ya kwenda msconfig, unaweka tiki kwa "idadi ya prosesa" na kuchagua ya juu kabisa, ati unafungua kore zilizolala. Hakuna kore imelala. Hicho kisanduku kiliwekwa kwa watu wa kujaribu programu wanaotaka kupunguza kore. Ukikiacha bila tiki, Windows inatumia zote. Kuna ile ya rejistri inaitwa NetworkThrottlingIndex, inayohusu vile Windows inagawa nafasi kati ya mtandao na sauti au video inayocheza. Haijui hata kama uko kwa gemu. Halafu kuna mpango wa umeme wa "Ultimate Performance", ambao Microsoft waliutoa 2018 kwa kompyuta kubwa za kazi. Kwa laptopu ya wati 15 unaongeza joto, na joto ndilo lilikuwa linakuua kutoka mwanzo.

Nimepima folda nne za aina hiyo. Gemu ileile, njia ileile, mara tatu kabla na mara tatu baada, na namba zikiandikwa na CapFrameX badala ya macho yangu. Tofauti iliyoletwa na folda ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya raundi mbili ambazo sikubadilisha chochote. Manze, hiyo si "boost", hiyo ni upepo.

Sasa fremu zinapotelea wapi? Ya kwanza ni RAM. Muuzaji anakuambia "eight gigs", na ni kweli, lakini ni kijiti kimoja na nafasi ya pili iko wazi. DDR4 ya 2133 kwa kijiti kimoja inapitisha kama gigabaiti 17 kwa sekunde. Weka viwili vinavyofanana, inakuwa 34. Kwa mtu mwenye kadi yake ya grafiki hiyo tofauti anaweza kuivumilia. Kwa HD 520 inayokopa RAM ni kama kuongeza leni ya pili Thika Road saa kumi na mbili jioni. Vijiti viwili vya nne vinashinda kimoja cha nane kwa mashine hizi, hata kama jumla ni ileile. Na utashangaa ni wangapi walimlipa mtu wa folda mara mbili tatu badala ya kuweka hiyo pesa ya kijiti.

Ya pili ni vumbi. Mnaishi hapa, mnajua udongo wetu. Ule mwekundu unaingia kwa feni, unakuwa kama blanketi kwa mapezi ya kupozea, na ile pesti iliyopakwa kiwandani karibu miaka kumi iliyopita imekauka ikawa unga. Prosesa ikikaribia digrii 100 inajishusha kasi yenyewe isiungue. Unaona dakika tano za kwanza gemu iko poa, ya sita inaanza kukatakata, na wewe unalaumu Windows. Bisibisi, brashi ya rangi iliyo safi na kavu, pesti mpya, na uishike feni isizunguke ukiipuliza. Hiyo ni kazi ya alasiri moja.

Na chaja jamani. Dell ikishindwa kuitambua chaja inaonyesha onyo ukiwasha, na watu wanabonyeza tu waendelee. Hilo onyo linamaanisha imeshusha kasi ya prosesa. Mtu anacheza na mashine imefungwa breki mwezi mzima kwa sababu ya chaja ya kando ya barabara, halafu ananiuliza aweke setingi gani.

Sisemi setingi zote ni uongo. Iliyo bora iko ndani ya gemu yenyewe: shusha skrini kutoka 1080 hadi 720. Ya kwanza ina pikseli zaidi ya milioni 2, ya pili haifiki milioni moja, kwa hivyo umeipunguzia grafiki zaidi ya nusu ya kazi. Zima vivuli. Bonyeza ikoni ya betri usukume ile mizani iende upande wa nguvu. Na kwa Windows 11, Microsoft wenyewe waliandika mwaka 2022 kwamba mchezaji anaweza kuzima Memory Integrity apate kasi, halafu wakaongeza kwamba airudishe akimaliza kucheza kwa sababu ni ulinzi. Hiyo sentensi ya pili huiskii kwa video yoyote ya TikTok.

Kuhusu pingi nitakuwa mfupi. Seva za Counter-Strike zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai. Kutoka hapa hadi Johannesburg ni kama kilomita 2,900 ukinyoosha kamba, na mwanga ndani ya faiba unaenda kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi tayari ni milisekunde 29, na kebo hazinyooki, zinazunguka na bahari. Hakuna rejistri inayosogeza Afrika Kusini. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipokatika, kila mtu alilega, mwenye folda na asiye na folda.

Kama ingekuwa tu hasara ya soo tano ningenyamaza. Shida ni kwamba hizo folda zinataka uzifungue kama msimamizi, na nyingi zinaanza kwa kukuambia uzime antivairasi na masasisho ya Windows "ndio zisikule CPU". Sasa fikiria hiyo laptopu ni ya nani. Ni hiyo hiyo mamako analetewa Juni mwisho umsaidie na ritani za KRA. Ni hiyo dadako ameingilia HELB na eCitizen, na nywila zote zimehifadhiwa kwa Chrome. Oktoba 2021 Google walieleza vile wezi walikuwa wanachukua chaneli za YouTube kwa programu inayoiba kuki za kivinjari. Ukishaibiwa kuki, mwizi anaingia kama wewe bila kuulizwa nywila wala ile kodi ya SMS. Umempa mtu usiyemjua funguo za nyumba nzima ndio upate fremu mbili ambazo hata hazikuja.

Na imekuwa mbaya zaidi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida Oktoba 14, 2025, na Windows 11 kwa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Ile 840 G3 ni kizazi cha 6. Microsoft waliongeza mwaka mmoja wa masasisho ya usalama, hadi Oktoba 13, 2026, kwa anayejisajili na akaunti yake, na setingi hiyo iko palepale kwa Windows Update. Hiyo ndiyo setingi ningetaka mbogi yote iwashe. Badala yake nawaona wakiweka Windows zilizokatwakatwa za "gaming" ambazo Update imeng'olewa kabisa.

Najua kwa nini sisi watu wa video tunaendelea na hii biashara. Video ya "setingi 7 za siri" inapata watazamaji usiku mmoja. Video ya kijana akifuta feni kwa brashi haipati. Mtu anataka kubonyeza, hataki kufungua skrubu, na kuna anayeogopa kuharibu mashine ambayo mzazi alilipa pole pole. Huyo namwelewa kabisa. Anayemuuzia ndiye simwelewi.

Jumamosi hii niko Ruiru na bisibisi, pesti na vijiti viwili vya RAM vya kujaribia. Kuja na mashine yako na folda yako pia. Tunapima mashine vile ilivyo, tunaweka folda tunapima, tunaitoa, tunasafisha tunapima tena, kamera ikiwa imewaka. Folda ikishinda brashi, napost hivyo hivyo bila kukata.