Kiwanja kakitazame masika

Nyumba au kiwanja usikikague kiangazi peke yake. Kiangazi bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hukauka, na dalali anakuapia kwamba maji hayafiki.

Mimi niliapiwa hivyo nilipotafuta chumba Kigogo, bondeni humo. Ndani nikaona mstari wa tope ukutani, juu kidogo ya swichi ya taa, umepakwa chokaa lakini bado unaonekana. Mlangoni kuna kizingiti cha zege kinafika gotini. Nikamuuliza mama aliyekuwa akikaanga maandazi pale nje. Akaniambia, "Mwanangu, hicho kizingiti si urembo." Nikaaga.

Tukumbuke Desemba 2011, mafuriko yalipoua makumi ya watu Dar es Salaam na baadhi ya waathirika wakapewa viwanja Mabwepande, nje ya mji. Wako waliorudi bondeni, kwa kuwa riziki yao iko mjini. Siwalaumu hata kidogo. Lakini mwenye uwezo wa kuchagua na achague: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka ujenzi ukae mita 60 kutoka mtoni, na ina sababu.

Milimani nako tusijidanganye. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang liliingia mji wa Katesh, likaua watu zaidi ya 80.

Kabla hujatoa hela, waulize wazee wa mtaa maji hupita wapi. Maji hayasahau njia yake.