Muungwana ni Kitendo

Mwanafunzi wa Pongwe, karibu na mji wa Tanga, akisoma Kiingereza hukutana na neno «noble», akaambiwa kwamba maana yake ni «ya kiungwana». Jibu hilo ni jema, lakini yafaa aulize tena: uungwana wenyewe ni nini?

Neno «noble» lilitoka katika Kilatini, na hapo kwanza maana yake ilikuwa mwenye kujulikana. Kisha likawa sifa ya watu wa nasaba kubwa, na halafu sifa ya moyo mwema. Neno «gentle» nalo lilikuwa la watu wa ukoo bora. Leo ni sifa ya mtu mpole.

Kiswahili kimepita njia iyo hiyo. Zamani katika pwani ya Mrima muungwana alikuwa mtu huru, asiye mtumwa. Mtumwa, hata akiwa mkweli na mkarimu, hakuhesabiwa miongoni mwa waungwana. Na bwana, hata akiwa mkatili, alihesabiwa. Mwaka 1922 utumwa ulikomeshwa kwa sheria katika Tanganyika. Mpaka ule ukaondoka, neno likabaki.

Basi, leo apewe nani? Ukoo haufai kuwa kipimo, maana hakuna mtu aliyejichagulia baba. Na apewe mtoto ampishaye mzee njiani, arudishaye fedha aliyoiokota, akirye kosa lake kabla ya kushikwa. Anayemcheka mwenziwe kwa sababu ya asili ya babu zake amekwisha kulipoteza neno hilo, ajapokuwa mjukuu wa mfalme.