KURUTA ANAYECHECHEMEA

Kuna mazoea mabaya kambini: kuruta akichechemea, huambiwa anategea kazi. Mwaka 1855 Breithaupt, daktari wa jeshi la Prussia, alikwisha eleza miguu ya askari iliyovimba na kuuma kwa mwendo mrefu. Mwaka 1897 picha za eksirei zikadhihirisha kuwa ni ufa katika mfupa wa wayo, mara nyingi wa pili au wa tatu.

Ndugu askari, picha ya kwanza yaweza isionyeshe kitu hata baada ya wiki 2. Hiyo si idhini ya kumrudisha mtu gwarideni. Tiba ni kuupumzisha mguu, kwa kawaida wiki 6 hadi 8. Mkufunzi akimlazimisha kukimbia, ufa huo waweza kuwa mvunjiko kamili.