Laptopu si mkate, acheni kuioka!

Nimerudi. Wiki tatu nilikuwa kimya, na wale mlioniuliza kulikoni, jibu ni hili: laptopu yangu ilikuwa mahututi. Sasa imepona nusu. Leo nataka kuzungumzia hiyo nusu, kwa sababu kuna jambo limenikera sana katika ufundi wetu, na sehemu ya kero hiyo ni mimi mwenyewe.

Kwanza niieleze mashine yenyewe. Niliinunua Nairobi mwaka 2019 nikiwa mwaka wa tatu chuoni. Ilikuwa mtumba kutoka Uingereza, na tayari ilikuwa imekula miaka sita huko. Ina chipu mbili za grafiksi: moja ndogo iliyo ndani ya prosesa, na nyingine kubwa iliyolehemiwa peke yake kwenye bodi kuu. Hiyo kubwa ni ya wacheza gemu. Mimi si mcheza gemu, naandika programu, na kazi yangu haihitaji zaidi ya herufi kuonekana kwenye skrini. Lakini muuzaji alisema "hii ina grafiksi kali", nikaongeza elfu nne. Zikumbuke hizo elfu nne, tutazirudia.

Jioni moja hapa Karagita, nikiwa katikati ya kazi ya mteja, skrini ikajaa mistari ya kijani na zambarau. Kisha ikagawanyika vipande vipande, kisha giza. Feni inazunguka, taa zinawaka, skrini nyeusi tii! Kila aliyewahi kumiliki mtumba anajua kinachofuata. Unachukua simu, unatafuta mtandaoni, unakuta watu wakikuambia utoe bodi, uifunge kwa foili, uiweke kwenye ovena nyuzi 200 kwa dakika nane kama mkate. Huku kwetu ovena si nyingi, kwa hiyo mafundi hutumia bloa ya hewa moto. Dawa ni ile ile: chipu ipashwe moto hadi lehemu iliyopasuka ijishike tena.

Na hapa ndipo ninapopaswa kukiri. Hiyo bloa ninayo mimi. Mwaka jana jirani yangu, dada anayefanya kazi ya kupanga waridi kwenye shamba moja la maua hapa kando ya ziwa, aliniletea laptopu yake ikiwa na ugonjwa huo huo. Alikuwa akisomea diploma ya uhasibu kwa mtandao, usiku baada ya zamu. Nikaipasha moto chipu, skrini ikawaka, nikajiona daktari bingwa. Nikamtoza 2,500 na kumwambia, "Imepona." Baada ya wiki tano alikuja mlangoni akiwa ameikumbatia kama mtoto mgonjwa.

"Kaka, imelala tena."

Ilikuwa imelala akiwa katikati ya mtihani wa mtandaoni wenye saa maalum. Muda ukaisha, mtihani ukafungwa, na somo lile akalirudia muhula uliofuata kwa karo yake mwenyewe. Nilimrudishia 2,500 zake. Muhula sikuweza kumrudishia.

Sasa tuingie kwenye sayansi kidogo, maana ningeijua mapema nisingefungua mdomo kusema "imepona".

Chipu ya grafiksi si kitu kimoja. Juu kuna kipande cha silikoni, ambacho ndicho akili yenyewe. Kimeshikwa kwa nukta ndogo mno za lehemu kwenye kibao chembamba, na kibao hicho kimeshikwa kwa vidonge vikubwa zaidi vya lehemu kwenye bodi kuu. Kwa hiyo ni ghorofa mbili za lehemu. Ukiwasha mashine, vyote hupata joto na kutanuka, lakini si kwa kiwango kimoja. Silikoni hutanuka kidogo, kibao hutanuka mara kadhaa zaidi. Ukizima, vinasinyaa. Fanya hivyo mara elfu kadhaa na katikati patachoka, kama waya unaokunjwa huku na huku hadi unakatika.

Watu wengi hudhani ufa uko ghorofa ya chini, kwenye bodi, na ndiyo maana wanapasha moto. Lakini angalia hesabu. Tangu Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulipozuia matumizi ya risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, viwanda vingi duniani vilihamia lehemu ya bati yenye fedha na shaba kidogo. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi. Ile ya zamani yenye risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183. Sasa wewe umeweka ovena nyuzi 200. Umeyeyusha nini? Hujayeyusha kitu! Na bado mashine inawaka. Maana yake joto lilisukuma tu vipande vilivyoachana vikagusana kwa muda. Joto na baridi za siku chache zijazo zitaviachanisha tena.

Tena haya si mambo ya mitaani tu. Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kwamba ingetenga dola kati ya milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikifa, na ikataja udhaifu wa vifaa vilivyounganisha silikoni na kibao chake. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2007, Microsoft ilisema ingetumia zaidi ya dola bilioni moja kwa sababu ya Xbox 360 zilizokuwa zikiwaka taa nyekundu na kufa. Wachezaji wengi walikuwa wakizifunga taulo ili zijipashe moto zenyewe. Mwaka 2021 Microsoft yenyewe ilieleza katika filamu yake ya historia ya Xbox kwamba miunganisho iliyopasuka ilikuwa ndani ya chipu, si chini yake kwenye bodi. Yaani lile taulo lilikuwa likitibu mahali pasipouma.

Na huku kwetu chipu hizi zinateseka zaidi. Vichochoro vya Karagita ni vumbi, na vumbi likijaa kwenye feni joto halina pa kutokea. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu humusi moja, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Kisha kuna stima. Olkaria iko ng'ambo tu ya mashamba ya maua, inazalisha umeme wa mvuke tangu 1981, lakini nyumba zetu bado huingia giza bila taarifa. Laptopu ya mtumba mara nyingi betri yake imekufa, kwa hiyo kila stima ikikatika mashine inazimika ghafla, inapoa, kisha inawashwa tena. Huo ni mkunjo mwingine wa waya.

Basi ufanye nini mistari ikitokea? Mimi nilifanya hivi:

1. Nilitoa diski kwanza nikanakili kazi yangu kwenye mashine nyingine. Kadi ya grafiksi ikifa, faili zako hazijafa. Fundi asikutishe kwamba lazima apashe moto "ili tuokoe data".

2. Nilichomeka monita ya nje. Mistari ikionekana huko pia, mshukiwa ni chipu. Monita ya nje ikiwa safi, huenda ni skrini au kebo yake tu, na hiyo ni kazi ndogo. Njia nyingine, kama bado unaona kitu: piga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe, kisha uifungue kwenye simu. Picha ikiwa safi, angalia skrini na kebo kabla ya kuilaumu chipu.

3. Niliwasha Linux kutoka kwenye flashi nikiongeza neno nomodeset kwenye mstari wa kuwashia. Neno hilo linaizuia Linux kupakia draiva kamili ya grafiksi. Mashine ikaamka! Hapo nikajua mwili mzima ni mzima, mgonjwa ni kiungo kimoja.

4. Niliingia kwenye mipangilio ya BIOS nikaizima chipu kubwa, nikabaki na ile ndogo ya ndani ya prosesa. Si kila laptopu inaruhusu hivyo. Ikikataa, mara nyingine Linux inaweza kuzuiwa isipakie draiva ya ile kubwa. Kisha nikasafisha feni na kubadilisha grisi ya joto iliyokuwa imekauka kama udongo wa kiangazi.

Ndiyo hiyo nusu niliyowaambia. Haichezi gemu na inatumia nusu ya grafiksi iliyonunuliwa, lakini nimeandika nayo makala haya na kazi ya mteja imekwisha. Zile elfu nne ndizo zilizokufa. Kama ningenunua laptopu isiyo na chipu ya pembeni, kusingekuwa na kitu cha kufa. Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayenunua mtumba kwa ajili ya masomo, kuandika au kupanga programu: muuzaji akikusifia "grafiksi kali" kwenye mashine ya miaka minane, muulize bei ya ile isiyo nayo.

Najua mafundi watanijibu. Watasema kubandika chipu mpya kabisa kunaponya, na ni kweli, ila chipu mpya halisi pamoja na kazi yake vinaweza kuzidi thamani ya mtumba mzima. Watasema pia mteja hana pesa, na miezi miwili ni bora kuliko sifuri. Hiyo ndiyo hoja yenye uzito, nami siipuuzi. Lakini basi uza miezi miwili kwa bei ya miezi miwili! Mwambie mteja, "Nitaipasha moto, itawaka kwa muda, italala tena, usiitegemee kwa mtihani." Mwache achague akijua. Kinachoniuma si ile bloa. Kinachoniuma ni neno "imepona" nililolitamka mimi, mwenye shahada ya kompyuta, kwa mtu aliyeniamini kwa sababu ya hiyo shahada.

Mashine ya jirani haikuwa na chipu ya pili ya kukimbilia. Tulitafuta mjini hadi tukapata laptopu ya aina ile ile yenye skrini iliyovunjika, nikahamisha bodi kuu yake. Safari hii sikusema imepona. Nilimwambia, "Dada, bodi hii nayo ni mtumba. Nakili kazi zako kila Jumapili, na siku ya mtihani njoo ufanyie kwangu, yangu ikiwa kando."

Akaniuliza kwa nini sikumwambia hivyo mara ya kwanza. Sikuwa na jibu, ndiyo maana nimeandika haya.