Nani Kamharimishia Mpiga Ngoma Rangi?

Juzi, katika hafla ya kuwatunza wanafunzi waliofaulu, mgeni wa heshima alisimama mbele ya watoto wetu akawausia kwamba apigaye ngoma na apige ngoma tu, na achoraye na achore tu, kwani mshika mawili moja humponyoka. Wazazi wakampigia makofi. Mimi sikupiga. Ghadhabu ilinijaa, maana wasia huo nimeusikia tangu utotoni, na vipaji ulivyoviua ni vingi mno.

Natuutazame kwa insafu. Tajiri mwenye duka mjini, jahazi bandarini na shamba la minazi kiamboni, ni nani aliyepata kumwambia kwamba moja litamponyoka? Huyo twamwita mwenye baraka. Lakini msanii akitia mkono katika kazi ya pili, papo hapo methali huinuliwa juu yake kama bakora. Mali zikiwa mbili ni neema, sanaa zikiwa mbili ni upotevu: dhana hiyo haina akili wala haki.

Daniel Humair alizaliwa Geneva mwaka 1938, akahamia Paris mwaka 1958, na huko akawa miongoni mwa wapiga ngoma za jazi wenye sifa kubwa katika Ulaya, akafuatana na mpiga saksafoni Phil Woods na mabingwa wengineo. Na mtu huyo huyo, kwa miaka mingi, amechora picha zisizoiga umbo la mtu wala mti, akazitoa katika maonyesho, si kwa kupitisha wakati bali kwa kazi ya pili yenye taadhima sawa na ile ya kwanza. Ni lipi lililomponyoka? Na Muraina Oyelami wa Iragbiji, Nigeria, aliyejifunza uchoraji kwa Georgina Beier mjini Osogbo mwaka 1964, ilhali akipiga ngoma katika kundi la maigizo la Duro Ladipo, kisha akafundisha upigaji wa dundun katika Chuo Kikuu cha Ife asiiache brashi, yeye naye lilimponyoka lipi?

Wapo wasemao kwamba picha kama za Humair, zisizoiga umbo, ni michirizi ambayo hata mtoto angeiweza. Hoja hii ni dhaifu hata yatia haya kuijibu. Huyo adaiye kwamba picha isiyo na simba au Mlima Kilimanjaro si picha, jioni huketi akasikiliza ngoma isiyotamka neno hata moja, akatikisa kichwa kwa raha, wala haulizi mdundo ule waiga kitu gani. Hauigi kitu! Ni mpangilio wa nguvu na kimya, wa uzito na wepesi, na mwenye kuuzoea mpangilio huo mikononi mwake tangu ujana ndiye aliye karibu zaidi na rangi zisizoiga kitu kuliko mtu yeyote mwingine. Mpiga ngoma akichora hivyo hakuiacha kazi yake, ameiendeleza.

Fauka ya hayo, hao wampigiao makofi mgeni wa heshima ndio wawaalikao wapiga ngoma harusini, wakawakesheza hadi alfajiri, wakawalipa sahani ya pilau na ahadi ya kesho. Kisha ndio wawakatazao kutafuta riziki ya pili kwa mikono ile ile.