Nyumba ya Mtumishi Kisiwani Si Anasa

Mwalimu anayepangiwa kazi Musoma mjini, akikosa nyumba Kitaji, hutafuta chumba Nyakato au Makoko, na asubuhi akawahi kazini. Mwenzake anayepelekwa kisiwani Rukuba, Kata ya Etaro, hana nafasi hiyo. Akikosa nyumba, kilichobaki ni maji. Ndivyo ilivyo pia kwa muuguzi anayevuka kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kwenda kufanya kazi Ukerewe, mkoani Mwanza.

Wako wasemao mtumishi alale nchi kavu na avuke kila siku. Ziwa letu halina utani. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, na watu zaidi ya 200 wakapoteza maisha. Tena mgonjwa wa usiku hangoji kivuko cha asubuhi.

Kupanga nako si rahisi. Wavuvi wanapofurika kisiwani, vyumba huwa haba na kodi hupanda, ilhali mshahara wa mwalimu haupandi na samaki. Saruji na mabati hufika kwa mashua, kwa gharama ambayo mjenzi wa mjini haijui.

Serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, lakini sehemu kubwa ya kazi yake imekuwa mijini. Kuanzia mwaka 2002 nyumba nyingi za Serikali ziliuzwa kwa watumishi. Aliyenunua alipata makazi. Aliyeajiriwa baada yake alikuta mlango umefungwa. Kosa hilo lisivushwe kwenda visiwani.

Kwa hiyo tunazishauri halmashauri zetu mambo matatu. Kwanza, darasa au zahanati ya kisiwani isijengwe bila nyumba ya mtumishi kando yake. Pili, gharama ya kuvusha vifaa iingizwe katika makadirio tangu mwanzo. Tatu, nyumba ibaki mali ya kituo, kwa kodi ambayo mshahara unaimudu. Wananchi nao watoe mawe, mchanga na nguvu zao, kwani anayehudumiwa ni mtoto wao.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alishika chaki kabla ya kushika uongozi wa nchi. Mkoa uliomzaa mwalimu huyo hauna budi kuhakikisha kwamba mwalimu wa Rukuba ana mahali pa kulala.